Sale ya Ndekirwa

"Hodi hapo! Ndilo gari la kwenda walikofia wapagazi?"

Mektrida aliacha kupanga chupa za maji nyuma ya gari, akageuka. Kwenye geti la ofisi alisimama mzee mrefu asiyemfahamu, amevaa koti zito la kijivu kana kwamba joto la Moshi halimhusu, kofia ya pama mkononi. Kwapani alibana kitu kirefu kilichofungwa kwa jani la mgomba.

"Shikamoo, babu. Ndilo. Umelijuaje?"

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Anaeli, natoka Masama. Binti wa jirani alinisomea tangazo lenu kwenye simu yake. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikaenda kulala, na leo nimekuja."

Mektrida alijisikia vizuri na vibaya kwa mpigo. Safari ile aliibuni mwenyewe. Alikuwa amesoma historia chuo kikuu, akarudi nyumbani akakuta kila mwongoza wageni anatazama juu, mlimani, na hakuna anayetazama chini. Akamshawishi bosi wake, Wenseslaus, kwamba wapo watu watakaopenda siku moja ya vita na mto: makaburi ya askari pale mjini, vilima vya Himo, uwanda wa Kahe ambako Mjerumani na Mwingereza walipigana mwaka 1916, kisha mtumbwi kwenye delta, pale mto Ruvu unapojimwaga katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Wenseslaus alikubali shingo upande, akampa kazi ya majaribio. Leo ilikuwa safari ya kwanza, na mgeni alikuwa mmoja tu: Bi. Elsabe, mwalimu mstaafu kutoka Afrika Kusini, ambaye alikuwa ameshaketi garini na kofia yake.

"Babu, gari limekodiwa na mgeni. Siwezi kukuchukua."

Mzee hakubishana. Alitia mkono mfukoni mwa koti, akatoa jani refu la kijani lililofungwa fundo katikati, akamnyooshea. Mama yake Mektrida alimfundisha kwamba kitu cha mkubwa hupokelewa kwa mikono miwili. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Aika," alisema mzee kwa Kichagga, akishukuru, na tayari alikuwa anafungua mlango wa gari.

Tito, dereva, alicheka mpaka akaegemea usukani.

"Meki! Umepokea sale?"

"Ni jani tu, Tito, nimeona vibaya kumkatalia..."

"Jani! Kweli wewe Mchagga wa mjini. Mtu akikuletea sale anakuomba, na ukiipokea umekubali. Hata awe amekuulia ng'ombe. Ulitakiwa uweke mikono nyuma ukimbie."

"Na ningekimbia?"

"Ungelaaniwa. Ila nafasi kwenye gari ingebaki."

Mektrida alimweleza Bi. Elsabe kwa Kiingereza, uso ukimwaka kwa aibu. Yule mama alisogeza mkoba wake, akapigapiga kiti cha pembeni. "Akae," alisema, na hilo halikuhitaji tafsiri.

*

Makaburini nyasi zilikuwa zimekatwa vizuri na mawe yamejipanga kama watoto wa shule mstarini. Bi. Elsabe alitembea taratibu akisoma, mpaka akasimama. Babu wa mama yake alikuwa hapo: jina, kikosi, tarehe. Aliweka kiganja juu ya lile jiwe kama mtu anayempima mtoto homa.

Mzee Anaeli alivua kofia. "Wamemwandika?" alimuuliza Mektrida kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, babu. Jina lake lote."

Akalitazama lile jiwe kwa muda. "Ana bahati. Mvua ikinyesha, inamnyeshea kwenye jina lake."

"Anasemaje?" aliuliza Bi. Elsabe.

Mektrida alitafsiri. Walipotoka, Bi. Elsabe alimshika mzee mkono kumvusha kwenye ngazi ya getini, na hakuuachia mpaka garini.

Njiani kwenda Himo mzee alieleza alichokuja kufanya. Alieleza bila haraka, macho yake nje kwenye mashamba ya mahindi, na Mektrida akawa anamtafsiria mgeni kipande kwa kipande.

Vita ya Mjerumani ilipofika mlimani, mjumbe wa mangi, mtawala wa Wachagga, alipita nyumba kwa nyumba akitaka watu wa kubeba mizigo. Nyumbani kwao alimtaja kaka mkubwa, babu wa mzee Anaeli. Kaka mkubwa alikuwa na mke mjamzito, na alikuwa na woga. Akamwambia mdogo wake, kijana anayeitwa Ndekirwa, "Nenda wewe mahali pangu. Ni mpaka Moshi tu, utarudi jioni. Nitakuwekea pombe yako ya mbege."

"Akaenda," alisema mzee. "Mbege ikawekwa kwenye kibuyu, kando ya nguzo ya nyumba. Jioni hakurudi. Baadaye akarudi mtu wa Masama aliyetoroka, akasema alimwona Ndekirwa mara ya mwisho Kahe, wanavuka mto kumkimbia Mwingereza, maji yamemfika hapa," akagusa kidevu, "na mzigo wa Mjerumani kichwani. Basi. Habari ikaishia majini."

Tito alipunguza mwendo bila sababu yoyote ya barabarani.

"Babu yangu akaendelea kumwekea. Kila pombe ikipikwa, kibuyu cha kwanza ni cha Ndekirwa, kando ya nguzo. Asubuhi kinamwagwa mgombani. Babu alipokufa, akaweka baba. Baba alipokufa, nikaweka mimi. Sasa wanangu wameokoka, hawapiki pombe, wala siwalaumu. Na daktari ameusikiliza moyo wangu akatikisa kichwa." Alikohoa kidogo. "Sitaki nife namwacha mtu anasubiri pombe yake gizani. Nataka nimpelekee, nimwombe radhi kwa niaba ya kaka yake, apumzike. Na sisi tupumzike."

Akafungua lile jani la mgomba magotini. Ndani mlikuwa na kijiti cha sale kilichokatwa kwa kupandwa, majani yake yakiwa bado mabichi. Katika mfuko mwingine wa koti alikuwa na chupa ya soda iliyojaa mbege, imezibwa kwa gunzi.

"Tutaviacha mtoni?" aliuliza Mektrida.

"Mto unapokoma. Mtu aliyechukuliwa na maji hukaa mto unapokoma, si unapopita."

Mektrida alijua kwamba wakati wa vita ile bwawa halikuwepo, na kwamba mto haukukoma pale bali uliendelea mpaka baharini. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

"Ila kuna neno moja linanisumbua," alisema mzee. "Sale haitupwi, mwanangu. Sale hukabidhiwa. Lazima pawe na mkono wa kupokea."

"Mkono wa nani, babu, kule majini?"

"Hilo ndilo ninaloliwaza tangu nikiwa kijana."

*

Hawakufika deltani siku ile.

Kahe kulikuwa na jua la kuchoma mpaka ndani ya macho. Mektrida alisimama ukingoni mwa mto akionyesha palipokuwa na daraja la reli, akieleza jinsi Wajerumani walivyorudi nyuma usiku, na alikuwa anaeleza vizuri, alijijua. Akageuka kumtazama mzee kama anasikia. Mzee alikuwa ameketi chini kwenye mchanga na koti lake, akiyatazama maji, na mdomo wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

"Tito!"

Walimvua koti, Bi. Elsabe akamlowanisha kichwa kwa maji ya kunywa. Njia nzima ya kurudi Moshi mzee alilala kiti cha nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya Mektrida. Karibu na mjini alifumbua macho, akapapasa mpaka akakipata kile kijiti, akamnyooshea.

Safari hii Mektrida alijua maana yake. Akilini aliona ofisi, akamwona bosi wake; akaitazama mikono yake mwenyewe, bado haijanyooka. Ingewezekana kuiweka nyuma.

"Nifikishie," alisema mzee. "Kabla hawajanifunika udongo. Nisiende kukutana naye mikono mitupu."

"Babu, utapona, tutakwenda pamoja."

"Sijakuuliza kama nitapona."

Akapokea. Kwa mikono miwili.

"Nitamkabidhi nani lakini?"

Mzee alitabasamu upande mmoja wa mdomo. "Wewe ulipokea yangu hujui ni nini. Na ikahesabika."

Mektrida alikiweka kile kijiti kwenye ndoo ya maji chumbani kwake, na chupa ya mbege iliyotoka kwenye koti la mzee kando yake. Jumatano alikwenda wodini kumwona; mzee alikuwa amelala, bomba la hewa puani, na binti yake Yuditha akimfukuzia nzi kwa kanga. Alhamisi alikwenda tena baada ya kazi, akaketi kidogo. Ijumaa jioni Yuditha alimpigia simu. Alisema, "Dada, baba ametutoka." Mazishi ni kesho mchana, aliongeza. Ndugu wa Dar wako njiani.

Kesho ilikuwa Jumamosi. Jumamosi ile ofisi ilikuwa inapokea kundi kubwa la wageni, na Wenseslaus alikuwa ameshamwambia Mektrida kwamba akiwaongoza vizuri, majaribio yamekwisha, kazi ni yake.

Alimpigia. Alieleza yote, tangu geti mpaka wodini.

"Pole," alisema Wenseslaus, na alimaanisha. "Lakini sikiliza, Mektrida. Safari yako ya kwanza iliishia hospitali na mgeni hakuona hata ndege mmoja. Nimenyamaza. Kesho usipokuwepo nitamweka mtu mwingine, na mtu huyo nitabaki naye. Mpandie huyo babu mti wake Jumapili."

"Jumapili atakuwa ameshafunikwa, bosi."

"Na yeye atajua?"

Mektrida aliitazama ile ndoo. Majani ya sale yalikuwa yamesimama wima, mabichi kama siku ya kwanza, na hilo ndilo lililomliza.

"Mimi nitajua," alisema.

*

Kijana mwenye mtumbwi aliitwa Filemon, Mpare wa Mwanga, mvuvi wa perege. Alikuwa ametazamia mgeni mwenye kamera. Akamwona binti peke yake, amekumbatia kijiti kwenye kitambaa chenye maji.

"Umekuja kulima?" alimtania. "Huku tunavua, dada."

"Nipeleke mto unapokoma."

Alimpeleka kwa pondo, akichoma matope taratibu. Mto ulijigawa katikati ya matete, ukagawanyika tena, mpaka ukawa vijito vingi visivyojua viende wapi. Wanawake walikuwa wakianika samaki juu ya vichanja, moshi ukilala chini. Mtoto mmoja aliwapungia kwa mkia wa perege. Nyuma yao mlima wote ulikuwa umefunikwa na mawingu, usingejua kama upo. Simu ya Mektrida ililia mara moja ndani ya mkoba. Ilikuwa saa ambayo wageni walikuwa wanapanda gari. Aliiacha ilie mpaka ikanyamaza.

Njiani alimweleza Filemon habari yote. Filemon aliacha utani.

Palipokuwa na ulimi wa udongo uliotokeza majini, mtumbwi uligota. Hapo maji ya mto hayakwenda tena. Yalisimama, mazito, rangi ya chai ya maziwa.

"Ndipo hapa," alisema Filemon. "Mvua zikija patazama. Nakwambia tu, usije ukasema nilikudanganya."

"Sawa." Mektrida alisimama matopeni, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Akakishika kile kijiti mbele yake. Hapakuwa na mtu ila yule mvuvi na pondo lake. "Filemon, nina ombi. Nipokelee."

"Mimi? Dada, mimi si Mchagga. Wala huyo mtu simjui."

"Hata mimi nilipokea sijui."

Filemon alikitazama kile kijiti, akatazama maji. Babu yake mwenyewe, alisema kwa sauti ndogo, naye alikwenda vita hiyo hiyo kubeba mizigo. Alirudi, lakini hakuwahi kuisimulia. Akalilaza pondo ndani ya mtumbwi. Akanawa mikono bwawani, akaifuta kwenye kaptura, akainyoosha yote miwili.

Mektrida alikuwa amefikiria maneno mengi usiku ule. Yote yalimtoka kichwani, yakabaki machache.

"Ndekirwa, kaka yako anasema samahani. Alikwambia jioni. Walikuwekea kila mara, hawakuacha. Aliyekuwekea mwisho anaitwa Anaeli, anazikwa leo. Anaomba umpokee."

Akaweka sale mikononi mwa mvuvi.

Filemon alikikumbatia kile kijiti kifuani. "Nimepokea," alisema. Kisha, kama mtu anayeona bado halijatosha, "Hana deni. Aje."

Waliipanda pamoja, wakishindilia matope kwa viganja. Mektrida alichomoa gunzi, mbege ikamwagika shinani ikitoa povu la mwisho, na harufu ya ndizi na ulezi ikakaa kidogo juu ya maji yale yenye harufu ya samaki. Masama wakati huo waombolezaji walikuwa wanaimba. Mektrida hakuwa na kazi tena, na mazishi yenyewe hakuyaona. Alilia akiwa amesimama, mikono ina matope, hana cha kujifutia.

Filemon alimsubiri. Walipoondoka hakuupitisha mtumbwi pale walipojia. Aliuzungusha mbali, kwenye matete, akilizamisha pondo polepole, ili mawimbi yasiifikie sale.