Herufi Moja ya Babu

Kwa kuwa nauza dawa, ukoo mzima unaamini nasoma mwandiko wowote.

"Wewe makorokocho ya madaktari unayasoma kila siku," mama alisema, akanibwagia bahasha juu ya meza ya jikoni. "Soma hii, umwambie mjomba wako kwamba sikukosea."

Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi cha babu, aliyekuwa seremala. Mwishoni koo lilimziba kabisa, akawa anaongea kwa kuandika, kwa penseli yake bapa ya kuchorea mbao. Kipande hicho alimpa mama, aliyekuwa akimuuguza, na jioni ileile akakata roho. Mama alisoma: "Kaka yako asirudi nyumbani." Mjomba alikuwa amegombana na babu na kuihama karakana. Mama akaufikisha ujumbe, naye hakuja hata mazikoni. Miaka thelathini na minane hajakanyaga kwetu. Sasa, uzeeni, ameagiza asomewe karatasi ile upya.

"Mbona hiyo s kama ni k?" nilisema. "Akirudi."

"Akirudi afanye nini? Sentensi haiishi!"

Kweli haikuisha. Mstari wa chini ulikuwa umemwagikiwa dawa ya kikohozi siku ileile, likabaki doa la kahawia.

Nikalifukua daftari la babu la vipimo ili nilinganishe herufi: kabati, kitanda, sanduku, msumari. Humo aliandika herufi mojamoja bila kuziunganisha: k imepinda mgongo kama s, s imekakamaa kama k. Nilimlaani aliyemfundisha kuandika. Lenzi niliyoazima ilikuza kila kitu, ukiwemo ujinga wangu. Na kila nikiinua kichwa, mama yupo: "Umeiona s?" Siku ya tatu nilimjibu vibaya.

Jumamosi asubuhi nilikata tamaa. Nilikuwa nairudisha karatasi kwenye bahasha, pale dirishani, jua lilipoipiga ubavuni. Chini ya doa palikuwa na mifereji. Penseli ilifutika dawa ilipopanguswa, lakini mkono wa seremala ulikuwa umekandamiza. Nikasoma herufi baada ya herufi: "asikute mlango umefungwa."

Ndani ya "asikute" zilikuwemo zote mbili. S imesimama peke yake, k imeivuta jirani yake kwa mkia. Nikapanda mstari wa juu. Mkia huo hapo. Akirudi nyumbani, asikute mlango umefungwa.

Nilimsomea mama. Safari hii hakubisha.

"Nilikuwa na hasira naye," alisema. "Aliniachia mgonjwa peke yangu. Nilipoona s, sikutazama mara ya pili."

Alimpigia mjomba mwenyewe, akamweleza bila kupamba. Kisha sauti ya mjomba: "Yaani baba alikuwa ananisubiri?" Simu ikakatika. Mama akapiga tena na tena, haikupokelewa.

Jumatatu alifunga mkoba, karatasi ikiwa ndani, ili amfuate. Nilimsihi aache hasira zipoe kwanza.

"Zipoe mara ngapi?" alisema, akapanda basi.

Alikaa huko siku tisa. Mbili za mwanzo mjomba alimpa kitanda na chakula, neno hakumpa. Ya tatu alivuta kiti karibu, akasema, "Nisomee. Polepole."

Mama amesharudi. Mjomba bado hajaja kwetu. Yeye anasema ni magoti. Mama anasema ni kiburi. Wanabishana hayo kwa simu kila Jumapili.