Vipande vya Mwaka Mzima

Mtaa mzima uliwajua kwa majina ya kazi. Dada mkubwa alikuwa Mkasi, kwa sababu ndiye aliyekata. Mdogo mtu alikuwa Sindano, kwa sababu ndiye aliyeshona, na pia, tusifichane, kwa sababu ya ulimi wake. Walishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na wazazi. Sindano aliwahi kujaribu kukata akiwa msichana. Akasahau kugeuza kitambaa, akatoa mikono miwili ya upande mmoja, wa kushoto na wa kushoto. Walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo mkasi hakuugusa tena.

Sasa sikia. Mkasi, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, magoti yanalia akiinuka, anaamka asubuhi moja na kusema anataka kusafiri. Mwaka mmoja, kutembea tu.

"Kwenda wapi?" Sindano akauliza.

"Popote."

"Popote ndiyo wapi? Kuna basi limeandikwa Popote?"

"Mdogo wangu, nimewavalisha watoto wa mtaa huu mpaka wamekwenda zao, na watoto wao nao nimewavalisha. Mimi naijua meza hii tu. Nataka nione dunia kabla magoti hayajaninyima ruhusa."

Majirani walisema yao, maana majirani hawakosi la kusema. Mtu mzima anaacha kazi aende kutembea mwaka mzima? Huyo ana lake jambo. Sindano hakuwasikiliza. Alitaka kusema, na mimi je? Maneno yalifika mpaka kwenye ncha ya ulimi. Lakini mama yao alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na aliyembeba mgongoni, akamfundisha kuvaa viatu, ni huyu huyu. Utamwambiaje asiende? Basi akasema lililokuwa rahisi.

"Na kazi?"

Kumbe Mkasi alishalifikiria. Sare hazibadiliki. Mtoto wa darasa la kwanza wa mwaka huu na wa mwaka ujao wana mabega yale yale. Angekata za mwaka mzima kabla hajaondoka. Na kweli, akainamia meza, majora yakafunguliwa moja baada ya jingine, na vipande vikafungwa mafungu mafungu: kola huku, mikono huku, mifuko kule. Rundo likapanda mpaka likaziba kioo cha ukutani. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na begi lake begani, akalitazama rundo, akacheka.

"Likiisha hili, mimi hapa."

Jamani! Hilo ndilo neno alilopaswa kulimeza. Sindano alilichukua kama lilivyo. Alianza kushona kama mtu anayekimbizwa. Chai ilipoa, wageni walijibiwa akiwa ameinama, cherehani haikupumua. Fundi viatu wa chumba cha jirani, ambaye humwita shemeji ingawa hakuoa mtu katika nyumba ile, alikuja kuchungulia.

"Shemeji, polepole. Hiyo cherehani nayo itaomba mwaka wa kutembea."

"Ikiondoka, iondoke na wewe."

Sindano hakuwa mjinga. Alijua fika kwamba mwaka haupungui kwa kushona. Lakini kila fungu lililokwisha lilimpa nafuu, na nafuu ilikuwa haba siku zile. Alikuwa bado ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka na kusema, "Chaki," akingoja awekewe kiganjani. Alikuwa bado anamimina vikombe viwili. Jioni alikaa akikitazama kitanda cha dada yake kilivyotandikwa, shuka limenyooka bila kukunjika popote, na shuka lile lilimuudhi kuliko kitu chochote duniani.

Mkasi alipiga simu kila Jumapili. Leo yuko mji wa milimani wenye baridi, amenunua kofia ya sufu. Wiki nyingine yuko kando ya ziwa, anakaa kwa wanawake mafundi aliokutana nao njiani.

"Hujui nilichokiona leo, mdogo wangu! Nimesimama mahali..."

"Dada, zile kola za bluu ni za ukubwa gani?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kila kizuri alichokiona dada huko kilikuwa sababu moja zaidi ya kutorudi, na Sindano hakutaka kuzisikia sababu. Akauliza kola. Akauliza mifuko. Mkasi alijibu yote, na sauti yake ikawa inapoa kidogo kila wiki.

Rundo likaisha kabla ya mwaka kufika hata nusu. Fungu la mwisho lilikuwa sketi ya mtoto mdogo. Sindano aliipiga pasi, akaikunja, akakaa akiutazama mlango. Hakuja mtu, na nani angekuja? Akajicheka. Kisha akalia, kilio cha kwikwi, pasi ingali ya moto mezani.

Shule hazingojei mtu amalize kulia. Oda zilikuwa zinaingia, na majora yalikuwepo. Akautwaa mkasi. Jaribio la kwanza likatoa mikono miwili ya kushoto, vile vile kama zamani, ila safari hii hapakuwa na wa kucheka naye. La pili likawa afadhali. Baada ya wiki chache mkono ukatulia, na walimu waliokuja kuchukua sare hawakuona tofauti yoyote. Hakumwambia dada yake. Nani atarudi kwenye meza ambayo imeshapata mtu? Kila Jumapili aliendelea kuuliza habari za kola alizozijua vizuri kabisa.

Halafu, mwaka ukiwa unakaribia kuisha, simu ikaja katikati ya wiki. Sindano alikuwa mezani, na fundi viatu amekaa kwenye benchi akingoja suruali yake ipindwe.

"Hawa wanawake wa huku ziwani wanataka nibaki," Mkasi akasema. "Mwaka mwingine, niwafundishe kukata. Wanataka jibu kesho. Nimewaambia nikuulize wewe kwanza. Rundo najua limekwisha. Kama kazi imekwama sema, nirudi."

Njia ilikuwa nyeupe. Neno moja tu, imekwama, na dada angekuwa ndani ya basi. Sindano alitazama meza: mafungu yake mwenyewe, aliyoyakata kwa mkono wake, yamepangwa vizuri mpaka dirishani. Uongo ukamshinda.

"Haijakwama. Nakata mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na zile kola unazoniuliza kila Jumapili?"

"Nilikuwa nakudanganya."

Sauti ya Mkasi ikanywea.

"Basi vizuri. Basi hapo sihitajiki tena. Nitawaambia nabaki."

"Dada, usikate simu!" Sindano aliinuka, kiti kikaanguka. "Kazi haikuhitaji, ni kweli. Mimi ndiye ninayekuhitaji. Nina hamu nawe mpaka naona haya. Sikutaka uondoke, na sikusema, na sikuuliza habari za huko kwa sababu nilikuwa naogopa ni kuzuri. Nyumba hii siipendi bila wewe."

Maneno hayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Fundi viatu akaiacha suruali yake akatoka nje bila kuambiwa.

"Sema tena," Mkasi akasema.

"Umesikia."

"Mwaka huu wote nakupigia, unaniuliza kola. Nimesimama mahali pazuri, nalia, nasema huyu mtoto amekosa mtu wa kumkatia vitambaa tu, mimi mwenyewe hanitaki. Kwa nini nisibaki huku? Sema tena, mdogo wangu, nisikie."

Sindano akasema tena. Akasema mpaka sauti ikamkatika, na huko upande wa pili akamsikia dada yake, naye analia, akimuuliza mtu basi la kwanza asubuhi linaondoka saa ngapi.