Simu ya Katekista Raymundi

Baba yangu, Katekista Raymundi wa kigango cha Igalula, hakuwahi kumwacha mtu mlangoni. Ukipiga hodi kwake, kabla hujamaliza neno lenyewe ameshaitikia karibu, awe anakula, awe anaoga nyuma ya nyumba. Marehemu mama alikuwa akimgombeza kwa hilo. "Siku moja utamkaribisha mwizi," alimwambia. Baba akamjibu kwamba mwizi hapigi hodi. Mtu anayeomba ruhusa, alisema, huyo kalelewa, sasa utamnyimaje? Mlango wetu ulishinda wazi tangu asubuhi hadi giza, na sisi watoto tulichapwa si kwa kuvunja sahani bali kwa kuchelewa kumwitikia mgeni.

Simu nilimpa mimi. Nashona nguo Kanyenye, hapa Tabora mjini, na mimi simu yangu ya zamani ilinitosha, lakini macho ya baba yalikuwa yamechoka. Herufi za kitabu cha masomo ya misa zilimshinda. Nikampelekea simu ya kioo kikubwa, nikamwonyesha ukurasa wa mtandao unaoweka masomo ya kila Jumapili, nikamfundisha kukuza maandishi kwa vidole viwili. Alifurahi kama mtoto. Aliyakuza mpaka neno moja likajaza kioo kizima, akalisoma kwa sauti, akacheka.

Halafu siku moja akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa na maneno muda mrefu kabla ya kuyasema.

"Mayu, Jumapili hii usije." Ananiita mayu, mama, tangu nilipozaliwa, kwa kuwa nilichukua jina la mama yake.

"Kuna nini, baba?"

"Hakuna kitu. Wamenipumzisha."

Nilifunga cherehani, nikamwomba radhi bibi harusi mmoja ambaye hakunielewa, nikapanda gari la Igalula asubuhi yake. Nilimkuta barazani anamenya karanga. Kuzunguka baraza lile kulikuwa na yale mabenchi ya mbao aliyoyapigilia misumari kwa mikono yake, maana watoto wa komunyo ya kwanza alikuwa akiwafundishia hapo nyumbani, kila Jumamosi, miaka nenda rudi. Nusu ya watu wazima wa kigango wameijua Baba Yetu pale barazani. Na ilikuwa Jumamosi. Mabenchi yalikuwa matupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Karibu, kaa. Kuna matobolwa ndani."

Sikwenda kutafuta hivyo viazi vya kukausha. Nilikaa mpaka akasema, naye alisema huku anaangalia karanga.

Vitabu vya nyimbo ni vichache, kwa hiyo watoto walikuwa wakisoma maneno ya wimbo kwenye simu yake, wakipokezana. Jumamosi moja ilikuwa zamu ya Sayi, binti wa Gaudensia, mtoto mdogo anayependa kusoma kupita wote. Katikati ya wimbo, picha ikashuka kutoka juu ya kioo. Mwanamke, hana hata kitambaa. Chini yake maandishi: Wasichana wa Tabora wanakusubiri wewe, bonyeza hapa. Na Sayi, kwa kuwa baba alimfundisha kusoma kwa sauti kubwa bila kumeza maneno, alisoma yote kwa sauti kubwa bila kumeza maneno.

"Watoto wakacheka," baba alisema. "Sayi hakucheka. Aliniangalia mimi."

Kabla ya jioni Gaudensia alikuwa amelifikisha kwa kila mama wa jumuiya. Kesho yake, mwisho wa ibada, Vedasto, mwenyekiti wa kigango, alisimama mbele ya watu wote akatangaza kwamba Katekista anapumzishwa kutokana na mambo yaliyoonekana kwenye simu yake, na wazazi wasipeleke watoto kwake mpaka hapo watakapoambiwa. Baba alikuwa amekaa pale pale mbele, na kanzu yake nyeupe. Alitoka akaivua, akaikunja vizuri, akamkabidhi mtu.

"Hukujitetea?"

"Niliwaambia sijui imetoka wapi." Akatupa maganda. "Wakatazamana. Mzee aliyefiwa na mke, mayu. Wameshajua la kufikiri."

Nikaichukua ile simu, na mkononi mwangu ikaanza kulia kama kifaranga. Hongera, umechaguliwa. Simu yako ina virusi, safisha sasa. Halafu mwanamke yule yule, au dada yake. Niliufungua ukurasa wa masomo. Kabla haujatulia ukaruka wenyewe kwenda ukurasa mwingine nisioujua, na kisanduku kikatokea: bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti.

"Baba, ukikutana na hiki unafanyaje?"

"Nabonyeza Ruhusu."

"Kwa nini?"

Alinishangaa kweli. "Si wameomba?"

"Umewaruhusu wote?"

"Kila aliyeomba. Nilijua ndio utaratibu wa huko, mtu anapiga hodi kwanza. Nikasema hawa watu wana adabu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kuitupa ile simu chooni. Wenye kurasa hizo, popote walipo, wamekaa wakatengeneza hodi ya uongo, na katika dunia nzima ikaenda kumpata mtu mmoja ambaye hawezi kunyamazia hodi. Niliwachukia. Ninawachukia hadi sasa.

Kazi yenyewe haikuzidi muda wa kusonga ugali. Niliingia kwenye mipangilio ya ile programu ya kufungulia kurasa, nikatafuta sehemu ya arifa, na hapo zikajipanga kurasa zote alizoziruhusu, majina ya ajabu ajabu, orodha ndefu kama ya waalikwa wa harusi. Nikaziondoa moja moja. Nikafunga kabisa ule mlango wa kuombwa, ukurasa usiweze hata kuuliza tena. Halafu nikaenda kwenye programu za simu nikakuta moja inayojiita kisafishaji, haina hata alama kwenye kioo, imejificha. Aliiweka siku alipoambiwa simu ina virusi. Kumbe yenyewe ndiyo iliyokuwa uchafu. Nikaifuta, nikafuta na kumbukumbu za kurasa zilizopita, nikaizima simu na kuiwasha. Ikanyamaza.

"Sasa nisikilize," nikamwambia. "Popote utakapoombwa ruhusa na ukurasa usioujua, unabonyeza Zuia."

"Hata wakiomba vizuri?"

"Hata wakipiga magoti."

"Nisiwajibu chochote?"

"Usiwajibu. Unafunga, unaondoka. Hao si wageni, baba. Wanapiga hodi wajue tu kwamba ndani kuna mtu."

Akalirudia mwenyewe, Zuia, kwa sauti ndogo. Halikumkaa mdomoni.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Vedasto. Ana duka la mbegu na dawa za mifugo jirani na stesheni. Nilimwamkia kama inavyopasa, akaitikia, nikamweleza yote: ukurasa, kisanduku, kisafishaji. Nikamwekea simu ya baba mezani aione ilivyokaa kimya.

"Mimi nakuelewa, Advera," akasema. "Ila watu wanauliza jambo moja. Kama ni matangazo tu ya Wazungu huko, wamejuaje Tabora?"

"Simu inawaambia iko wapi. Ukienda nayo Dodoma wataandika wasichana wa Dodoma."

Akatikisa kichwa. Na pale pale simu yake mwenyewe, iliyokuwa juu ya gunia la pumba, ikalia. Ikalia tena. Sikumwomba ruhusa, nilitupa jicho. Juu lilikuwa tangazo la kamari. Chini yake, Wasichana wa Tabora wanakusubiri wewe.

Vedasto alicheka, wala hakuona aibu. "Unaona? Hata mimi yananisumbua haya mambo. Kila saa."

"Basi Jumapili wewe utatangazwa na nani?"

Kicheko kikamkauka. "Mimi sifundishi watoto."

"Sawa. Simama mbele ya watu, pale pale uliposimama, useme mlikosea."

"Tukitangaza tutakuwa tunawakumbusha. Yaache yaishe kimyakimya. Mzee mwenyewe apumzike kidogo, watu watasahau."

"Kumfukuza mlitangaza. Kumsafisha iwe kimya?"

Alianza kupanga vichupa vya dawa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Na nilipogeuka kuondoka, yule mtu, mwenyekiti wa kigango, akaniita. "Advera, samahani. Kabla hujaenda, si ungeniondolea na mimi haya?"

Nilimwacha na simu yake inalia. Ni jambo dogo, lakini lilinipa raha njia nzima.

Jumapili mbili zikapita, halafu ya tatu, na hakuna aliyesimama kusema neno. Watoto walikabidhiwa kijana mmoja aliyetoka shule, ambaye aliwaandikia sala ubaoni na kuwaacha wanakili. Baba alikwenda ibadani akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Watu walimsalimia vizuri. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, salamu zao zilivyokuwa nzuri, na jinsi akina mama walivyowavuta watoto upande wa pili huku wanasema shikamoo. Simu haikuonyesha tena mwanamke wala kamari. Ilikuwa safi kuliko simu zote za kigango kile, na haikumsaidia kitu.

Nilikwenda tena kumwona Jumamosi moja nyingine. Nikiwa bado barabarani niliona kitu ambacho sijawahi kukiona tangu nizaliwe: mlango wa nyumba yetu umefungwa mchana. Nikajua amefariki. Nilikimbia, nikausukuma, nikamkuta amekaa kwenye kiti chake gizani, simu mapajani, anasoma somo la kesho.

"Kuna upepo," akasema. Upepo haukuwapo.

Nikamkaangia mayai, tukala. Tulikuwa tunanawa mikono niliposikia miguu nje. Nikachungulia dirishani. Vedasto alikuwa mbele, Gaudensia nyuma yake, na Sayi kashikwa mkono, kavaa gauni la kanisani. Nilijua walichofuata, maana habari ilikuwa imenifikia hadi mjini: padre alikuja kuwauliza watoto maswali ya komunyo, watoto wakaangalia chini, akasema hakuna atakayepokea mwaka huu kama hawatapata mwalimu. Wamekuja kumrudisha kwa mlango wa nyuma, bila tangazo, kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima ikatoboka.

"Hodi hapa kwa Katekista," akasema Vedasto.

Baba aliinua kichwa. Nilimwona midomo inafunguka yenyewe, kwa mazoea ya maisha yote, halafu nikamwona anaifunga. Mikono bado ilikuwa inachuruzika maji.

"Baba, hodi," akasema Gaudensia, kwa sauti ya unyenyekevu ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Tumekuja na Sayi."

Baba hakujibu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Wakanong'onezana nje. Halafu ikaja hodi ya tatu, na hii ilikuwa ya Sayi, kwa sauti kubwa, bila kumeza herufi hata moja.

"Baba," nikanong'ona, "ni Sayi."

"Sauti yake naijua."

"Wameomba vizuri, baba."

Akanitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe ndiye uliyenifundisha, mayu. Hata wakipiga magoti."

Nilitaka kumwambia sikumaanisha watu. Nilitaka kumwambia mtoto hana kosa, anayestahili kuachwa juani ni Vedasto. Sikusema, kwa sababu upande mmoja wa moyo wangu ulikuwa unafurahi, na nilisimama pale na kitambaa cha mikono, mlango uko hatua chache mbele yangu, nisiufungue. Mtu akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, kwetu huondoka. Nikasikia Vedasto anakohoa, nikasikia miguu yao inageuka, ikienda.

Ya Sayi haikwenda. "Hodi," akasema. Akangoja, kama alivyofundishwa kungoja. "Hodi, mwalimu." Baba alifunika masikio kwa viganja vyake vilivyolowa. Mtoto aliendelea kupiga hodi peke yake, wakubwa wakiwa wameshafika barabarani, mpaka mama yake akarudi kumshika mkono.