Ameshakunywa Dawa

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sioni aibu kusema. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Nikizima jiko la gesi, nafika kona ya mtaa halafu narudi kunusa. Mume wangu ni dereva wa lori na nyumbani huja kwa kupitia tu. Yeye ndiye aliyenibandika jina la Mama Presha, na siku aliponiita hivyo mbele ya wateja wa saluni, basi, jina likanasa. Sasa hata muuza maji ananiita Mama Presha. Wacheke tu. Anayelala usingizi mzito ni yule ambaye hajazaa.

Mtoto ninaye mmoja, binti wa miaka mitatu. Tunamwita Bosi kwa sababu nyumba nzima inakwenda kwa amri yake. Wiki ile Bosi alikuwa na homa. Duka la dawa la mtaani kwetu lilimpimia dawa ya maji kwenye chupa ya kahawia, wakabandika karatasi, kifuniko kimoja kutwa mara tatu. Asubuhi nilimpa mwenyewe. Ya pili ilikuwa ni kazi ya mama mkwe, ambaye anaishi nasi tangu mwaka jana na ndiye anayebaki na mtoto.

"Mama, dawa yake naiacha hapa mezani," nilimwambia nikiwa mlangoni, mkoba begani, kiatu kimoja mguuni. "Kifuniko kimoja tu. Usisahau."

"Nimelea sita, mwanangu," akajibu. "Wote wakakua bila kupigiwa simu."

Nilimpigia hata hivyo. Mara ya kwanza nilikuwa bado sijafungua saluni. Amekula? Amekula. Mara ya pili nikamuuliza joto limeshuka, akasema limeshuka. Mara ya tatu akasema ndiyo kwanza anataka kumpa dawa, mtoto anakimbia uvunguni, nimwache amkamate. Nikajikaza, nikamwacha kwa muda wa kutosha kuchana kichwa kimoja, kisha nikapiga tena.

"Ameshakunywa dawa," akasema. Sauti yake ilikuwa inakwaruza kidogo.

"Yote?"

"Yote. Sasa niache na mimi nijinyooshe, mke wa mwanangu. Simu hii inanipasua kichwa."

Akakata. Mimi nikashusha pumzi, nikavaa glavu na kumgeukia mteja wangu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani, mama mwenye mgongo ulionyooka na maneno machache. Kwetu saluni, dawa ni ile krimu ya kulainisha nywele. Mtu akisema nitie dawa, hakuna anayemuuliza anaumwa nini. Dawa ya nywele haitaki mchezo, ikikaa zaidi ya muda wake inaunguza ngozi, kwa hiyo niliipaka haraka haraka, utosini, pembeni, kisogoni, na nilipomaliza mabega yalikuwa yanawaka moto. Kazi ya kusimama na mikono juu kutwa nzima ina malipo yake. Ndiyo maana ndani ya mkoba sikosi chupa ya dawa ya kuchua.

Nikavua glavu, nikaingiza mkono mkobani, nikaitoa chupa. Karatasi iliyobandikwa ilisema kifuniko kimoja kutwa mara tatu.

Niliisoma mara ya pili kwa sababu akili ilikataa. Chupa ya kahawia, duka lile lile, kimo kile kile. Asubuhi nilizichukua zote mbili dirishani, moja mezani, moja mkobani, kiatu kimoja mguuni. Dawa ya mtoto ilikuwa mkononi mwangu. Kwa hiyo iliyobaki mezani nyumbani ilikuwa dawa ya kuchua, ile ambayo ukiipaka begani macho yanatoa machozi. Na mtoto ameshakunywa dawa. Yote.

Nikapiga simu. Haipatikani. Mama mkwe akitaka kulala huizima kabisa, maana ananijua. Nikapiga tena, nikapiga tena, vidole vinateleza kwenye kioo. Nadhani nilikuwa nasema kwa sauti, maana nilimsikia mwalimu akiuliza, "Nani amekunywa nini?"

"Mwanangu! Amepewa dawa ya kuchua!"

Mwalimu aliinuka kwenye kiti na taulo shingoni, akachukua funguo zake za gari juu ya meza ya vioo.

"Twende."

"Mwalimu, una dawa kichwani!"

"Ninajua nina nini kichwani. Nipe ile kofia ya nailoni, tembea."

Njia ya kwenda kwetu ni fupi, lakini siku ile kila mwenye gari alikuwa ameamua kuegesha katikati ya barabara. Mwalimu alipiga honi kwa kiganja chote. Nilimwona anakunja uso, krimu inamchuruzika sikioni, anaifuta kwa taulo na kuendelea. Mimi nilikuwa nimekwishamzika mwanangu. Sisemi kwa kujivunia. Wasiwasi wangu una mbio, ulikuwa umefika makaburini na kurudi kabla hatujavuka taa za barabarani. Niliona hadi sweta nitakalomvalisha.

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ya dawa ya kuchua ilinipokea nje, na ndani ilijaa chumba kizima. Chupa ilikuwa mezani, kifuniko pembeni. Bosi alikuwa amelala juu ya mkeka na gauni lake kifuani limelowa, linanuka dawa tupu. Mama mkwe aliketi kando yake, mgongo ukutani, kanga imemwanguka kichwani.

Nilimnyakua mtoto. Akaamka, akalia. Kulia ni uzima, nilijiambia.

"Mama, umempa nini mtoto? Umempa nini!"

"Mtoto hana neno," akasema taratibu.

"Hana neno! Hii ni sumu, Mama! Ya kuchua hii! Hukusikia harufu?"

"Niliona dawa za siku hizi kali." Akajaribu kuinuka, akashika ukuta. "Mwanangu, hebu ngoja nikuambie. Mtoto..."

"Utaniambia njiani!"

Nikaichukua ile chupa, angalau hilo nililikumbuka, nikatoka mbio. Mama mkwe akatufuata pekupeku na kuingia kiti cha nyuma bila kuambiwa. Mwalimu akaondoa gari. Nilimpakata Bosi mbele, namnusa mdomo, namfungua macho, namwita jina lake halisi ambalo hatulitumii mpaka mambo yaharibike. Naye alinitazama kama mtu aliyekosewa adabu.

"Usilale, mwanangu. Usilale. Tumbo linauma? Koo linauma?"

"Nataka juisi," akasema Bosi.

"Mtoto hana neno," akarudia bibi yake huko nyuma.

Hapo nilipandwa na hasira ambazo sijawahi kumwonyesha mkwe wangu. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia neno hana neno nisilisikie tena ndani ya gari hili, mtu mzima na akili zake anashindwa kutofautisha dawa ya kunywa na ya kupaka, na mimi kila siku napiga simu ninaonekana kichaa, haya, kichaa ni nani leo? Mwalimu alinigusa goti niache. Kisha Mama akauliza kutoka nyuma, kwa sauti ya mbali, "Mbona wanapiga kengele?"

Hapakuwa na kengele. Sikumjibu. Nilidhani anabadilisha mazungumzo.

Hospitali walitupokea vizuri, lazima niseme haki yao. Nesi mmoja mnene, mwenye mikono ya haraka, alimchukua Bosi, akamlaza kitandani, akaisoma chupa, akakunja uso. Akamulika kinywa. Akanusa. Akamfungua gauni, akamfuta kifua kwa kitambaa chenye maji, akamnusa tena mdomoni. Mimi pembeni najibu kabla sijaulizwa. Ana kilo kumi na tatu na nusu. Chanjo zote amemaliza. Aliota jino la kwanza akiwa na miezi saba. Hana mzio isipokuwa mayai yanamtoa vipele shingoni.

"Mama, tulia," nesi akasema. "Nani alimpa?"

"Bibi yake."

"Mdomo wake haunuki kitu. Nguo ndiyo inanuka." Akamwinamia Bosi. "Mrembo, ulikunywa dawa leo?"

"Hapana," akasema Bosi. "Kali."

"Nani amesema kali?"

"Bibi. Bibi kanywa." Akakunja uso wote na kutoa ulimi nje, kuonyesha alivyofanya bibi yake. "Mimi nikampiga mkono, pwaa! Ikamwagika."

Nesi alicheka, mimi nikacheka, nikakaa chini sakafuni palepale nalia na kucheka. Mtoto hana neno. Kumbe mtoto hana neno! Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Nesi ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Bibi mwenyewe yuko wapi?"

Alikuwa ameketi kwenye benchi la kule nje, peke yake. Mwalimu alikuwa kwenye bomba la uani, ameinama, anamwagia kichwa maji. Watu wote wenye shida walikuwa na mtu au na maji, isipokuwa Mama. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni na anahema kama aliyepanda ngazi. Alikuwa ametapika kidogo pembeni, na alikuwa amejaribu kupafunika kwa mguu ili pasionekane.

Walimleta kwa kiti cha magurudumu. Kwa maneno ya vipande vipande akaeleza. Mtoto alikataa dawa, kwa hiyo akafanya kama alivyofanya kwa wanawe sita. Alijaza kifuniko, akamwambia tazama bibi anavyokunywa, tamu hii, akakigugumia chote. Kilimuunguza mpaka tumboni. Hakujua kwamba amekosea chupa, alijua tu dawa ile ni kali mno. Alijaribu kumpa mtoto kidogo, mtoto akaipiga ikamwagika, naye hakuwa na moyo wa kujaza tena. Kisha simu ikalia.

"Ningekuambia hajanywa, ungekuja juu," akasema. "Nikasema ameshakunywa, jioni tutaona."

"Na kule nyumbani? Mbona hukusema ni wewe?"

"Nini?"

"Mbona hukusema ni wewe!"

"Nilikuwa nasema," akajibu. Hakusema kwa lawama, na heri angelaumu. Akatia kidole sikioni na kukizungusha. "Hizi kengele hawazizimi?"

Nesi akaniambia kwa haraka kwamba hizo kengele ni ile dawa, iko ndani ya damu. Wakamtundikia maji. Wakamchukua damu. Kisha nesi akachukua kalamu na kunigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na majibu yote.

"Ana umri gani?"

"Ni mtu mzima," nikasema.

"Mtu mzima wa miaka mingapi?"

Sikujua. Nikasema sabini, kisha nikasema labda sabini na kitu.

"Presha? Kisukari? Moyo?"

"Sidhani. Hajawahi kulalamika."

"Kuna dawa yoyote anayotumia kila siku?"

Huyu mwanamke analala chumba kinachofuata changu. Nimemsikia akikohoa, akisali, akimwimbia mwanangu, na sikuwahi kumuuliza swali ambalo halikuwa la Bosi. Amekula? Amelala? Joto limeshuka? Simu zote zile.

"Muulize mwenyewe," nesi akasema, "na umuulize kwa sauti. Ni muhimu."

Nikainama mpaka mdomo ukagusa sikio lake. "Mama! Wewe unatumia dawa gani?"

Alinitazama kama anayepima iwapo nastahili.

"Za moyo," akasema. "Na zile za kufanya damu iwe nyepesi. Zimo ndani ya foronya ya mto wangu."

Kalamu ya nesi ikasimama. "Za kufanya damu iwe nyepesi? Amesema hivyo?" Hakungoja nijibu. Alikwenda upande wa ofisi ya daktari, na mtu mnene yule nilimwona anakimbia.

"Tangu lini, Mama?"

"Kabla sijaja kwenu."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuwa unanipigia simu na mimi."

Alitaka kucheka, kikamtoka kikohozi. Mimi nilimshika mkono. Ulikuwa baridi na umelowa, na haukuwa mzito hata kidogo. Nikamwambia nisamehe Mama, nikamwambia tena kwa sauti ili asikie, wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka, sikujali. Akasema nisipige kelele, kengele zinatosha.

Daktari alikuja mbio mbio, kijana mwenye miwani, akauliza maswali yale yale, akaagiza dawa nyingine na damu ipimwe upya. Kwangu alisema tu kwamba dawa ya kuchua nayo hufanya damu iwe nyepesi, kwamba ni vizuri limejulikana sasa hivi, na kwamba usiku huu ndio utakaotuambia. Mwalimu akaja na kichwa kinachovuja maji, ngozi ya juu ya sikio imebabuka nyekundu, akamchukua Bosi kwenda kumtafutia juisi. Alipokwenda, wodi ikatulia.

Mama akafumba macho. Nilikaa pembeni ya kitanda nikimtazama kifua kikipanda na kushuka, haraka mno. Kila kiliposhuka nilibana pumzi yangu mpaka kikapanda tena.