Aliyeinua Simu Tulia

Mwaka wa 1978 sisi wa maduka manne ya soko la Tulia tulitumia waya mmoja wa simu. Ukiinua mkonga, unasikia ya kila mtu. Alasiri, wateja wakiadimika, tulikuwa tunacheza humo: mmoja anasema moja, mwingine mbili, bila kupangana zamu. Wawili wakigongana, tunarudi mwanzo. Saba tuliiruka. Wazee wetu Wakamba waliiona nambari ya mkosi, na ingawa sisi ni watu wa kanisa, hakuna aliyetaka kuijaribu. Ni Abdiya tu, mke wa mfanyabiashara wa mbuzi kutoka kaskazini, aliyeitamka kila mara, nasi tukimzomea huku tukicheka.

Siku moja nikaacha kucheka. Watu wa Mutunga, mchumba wa binti yangu Ndinda, waliokuwa walete mbuzi za ntheo, zile za kumposa, walituma neno kwamba wangojewe kwanza. Wamesikia msichana ana kifafa. Ni kweli, kilimshika mara moja moja. Lakini nilikuwa nimemtajia mtu mmoja tu, dadangu Kasyoka wa Makindu, tena kwa simu.

Nani alisikiliza? Sikupata taabu kumchagua. Muli wa hoteli ni mzee wa kanisa. Duka la mbegu anauza Ndinda mwenyewe. Alibaki Abdiya, mpole kupita kiasi, na mtu mpole hivyo ana lake. Niliacha kumsalimu. Aliponiletea maziwa, nikampa paka.

Kisha nikamtegea. Nilimpigia Kasyoka, nikaanza kumuuliza habari za mganga mmoja wa huko. Ghafla sauti yake ikafifia, kama inavyofifia mtu mwingine akiinua simu.

"Sita!" nikapaza sauti, kama tunavyocheza.

Mazoea yakamshinda aliyekuwa akisikiliza.

"Nane."

Abdiya angesema saba. Na sauti ile niliijua tangu ikiwa kilio cha mtoto mchanga.

"Ndinda?"

"Ni mimi, mwaitu."

"Kumbe mama yako unamsikiliza kwa simu?"

"Si ulikuwa unaongea juu yangu? Ulisema Mutunga afichwe ugonjwa wangu mpaka mbuzi zifike."

"Basi nani alimwambia?" Jibu nilishalijua. Nilitaka anidanganye.

"Mimi. Siku hiyo hiyo. Nikianguka kwake, nataka akimbie kuniinua, si akimbie kwao."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, aibu kwa nilivyomtendea Abdiya na binti yangu pamoja. Kule Makindu, Kasyoka bado alikuwa kwenye waya.

"Na yeye alisema nini?" nikauliza polepole.

"Aliuliza nikianguka anishike vipi. Ni watu wake wanakataa, tangu alipowaambia. Yeye anakuja kesho, peke yake, bila mbuzi. Huyo simwogopi, mwaitu. Ni wewe sijui. Utamfungulia mlango?"