Faini ya Gari Lililozimika

Faini ya tatu ilimkuta dereva wa gari la chekechea akimenya vitunguu jikoni kwa mama mkwe wake, alikokuwa akiishi na mumewe. Karatasi ilidai gari lake limepita mbele ya kamera kwa kilomita sabini na nane kwa saa, mahali pa hamsini. Picha iliyobandikwa ilikuwa ndogo kama stempu: mgongo wa gari, namba, basi. Zile mbili za mwanzo alizilipa bila kubisha, maana alikuwa amekosea kweli. Hii ya tatu ilikuja na onyo: akilipa amekiri, na akikiri leseni inafungiwa mwaka mzima; akibisha, afike mahakamani. Chekechea isingemsubiri hata wiki.

Alisoma tarehe mara mbili, damu ikamchemka. Siku hiyo mkanda wa injini ulikatika njiani, gari likiwa tupu, na shemeji yake, ndugu wa mumewe, fundi magari, ndiye aliyekuja kulivuta kwa kamba nyuma ya pikapu. Yeye alishika tu usukani wa gari lililokufa, akipiga honi mpaka kidole kikauma, jamaa apunguze mwendo. Fundi alikuwa anawahi mteja mwingine. Na kamera ya barabara ile hupiga magari kwa nyuma, kwa hiyo aliyekimbia hakuonekana. Aliyeburutwa ndiye aliyeandikiwa.

Alimfuata gereji. Fundi alimjibu akiwa chini ya gari la watu, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Lipa, shemeji. Umeshazoea."

"Nikilipa, kazi imekwenda."

"Na ukinitaja mimi, je? Utakula wapi, utalala kwa nani?"

Mama mkwe naye akapigilia msumari. Kwa siku nne mfululizo alizungumza na sufuria zake kwa sauti ya kusikika, kwamba kuna wanawake huletwa nyumbani kwa heshima, kumbe wamekuja kuwapeleka wenye nyumba polisi. Mume wa dereva, kila mazungumzo yalipoanza, alikumbuka kitu cha kutafuta kwenye simu.

Siku ya kesi, fundi na mama yake walikuja pia, wakakaa benchi la nyuma. Walikuja kuhakikisha mdomo unabaki umefungwa. Karani alimsukumia dereva fomu ya kukiri: asaini hapa, alipe pale, aende zake. Alimrudishia. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakimu alimwambia arudie.

"Naomba kuiona picha yenyewe, mheshimiwa. Yote. Siyo hiki kipande."

Askari wa barabarani aliguna, akabonyeza kompyuta yake, kisha akaigeuza hakimu aone. Kamera ilikuwa juu ya nguzo, ikaona hata kilichokuwa mbele: pikapu, kamba imekaza kama waya wa kuanikia nguo, na mkono umetoka dirishani kwa fundi, ukiipungia honi kwa raha zake.

Hakimu alivua miwani. Akauliza nani alikuwa anavuta. Dereva aligeuka kutazama benchi la nyuma. Hakimu akamweleza, bila ukali, kwamba bila jina la aliyevuta, kosa linabaki kwa mwenye namba iliyopigwa picha. Nyuma, mama mkwe alikohoa kikohozi ambacho si cha ugonjwa.

"Ni shemeji yangu," alisema. "Yule pale mwenye shati la bluu, anayetafuta mlango."

Watu wawili watatu walicheka. Fundi hakucheka. Faini ya dereva ilifutwa, na fundi akaandikiwa yake hapo hapo, na nyingine ya kuvuta gari kwa kamba bila alama ya onyo.

Nje, mama mkwe alimsubiri kwenye ngazi.

"Umefurahi sasa?"

"Nimebaki na leseni yangu, mama. Furaha sijaiona."

Mama mkwe alisema kuanzia leo asimwite mama, akamshika mwanawe mkono kana kwamba anatoka kufiwa. Asubuhi ile walikuwa wamekuja wote kwa gari la chekechea. Sasa dereva alilisogeza mpaka miguuni pao, akawafungulia mlango. Fundi hakuingia; akaubamiza kutoka nje kwa nguvu, kioo kikatikisika.

Saa sita watoto wanatoka chekechea, na yeye ndiye wa kuwachukua. Alingoja dakika mbili, injini ikiunguruma. Hakuna aliyegeuka. Akaingiza gia, akawapita polepole wakitembea kando ya barabara, na wakati huo wote mama mkwe alikuwa anazungumza.