Kipimo cha Nchani

Mapenzi yana mambo, jamani! Fabian alikuwa mpasuaji mbao anayejulikana Oldeani yote, miaka tisa msumeno wa chenso mkononi, lakini asubuhi ile alishuka Karatu juu ya bodaboda akiimba peke yake mpaka dereva akamuuliza kama kaamkia pombe. Wala hakuwa ameonja kitu. Alikuwa amepewa mtihani na mama mkwe, tena mama mkwe ambaye bado hajawa mama mkwe.

Mama Cresensia alikuwa na mgrevilea alioupanda mwaka aliozaliwa binti yake, Angelina. Masika haya upepo uliuangusha. Fabian alipokwenda kupeleleza kama anaweza kutuma washenga, mama akamwonyesha gogo.

"Nataka meza ya ubao mmoja. Upana wote wa mti, bila kiungo. Ukinipasulia hivyo, walete washenga wako. Ukiniunganishia vipande, usinisumbue tena."

"Hilo tu, mama?"

"Hilo tu, baba."

Injini ya chenso yake ilikuwa na nguvu za kutosha. Tatizo ni ule ubapa wa chuma ambao cheni huzunguka juu yake, ulikuwa mfupi mno kwa kazi hiyo. Ndiyo maana alisimama dukani kwa Zulfa, muuza vipuri, akichekea kaunta.

"Gogo lina upana gani?" Zulfa akauliza.

"Inchi ishirini na mbili."

"Fremu ya kuongozea chenso inakula kama inchi tano za ubapa. Chukua ubapa wa ishirini na nane. Na cheni ni hii, siyo ile ya kukatia. Hii meno yake yamenolewa kwa kupasua kufuata nyuzi za mti. Ile nyingine itakuachia ubao umekwaruzwa kama umechezewa na kuku." Kisha akamkazia macho. "Umepima wapi lakini? Nchani au shinani?"

"Dada Zulfa! Mimi wa kuulizwa hivyo? Miaka tisa!"

"Haya bwana. Mwenye macho haambiwi tazama."

Saa nane mchana majirani walikuwa wamejaa uani kwa Mama Cresensia. Fabian akafunga fremu, akaanzia upande mwembamba. Cheni iliingia kama kisu kwenye parachichi. Unga wa mbao ukaruka, watoto wakashangilia, na Angelina akachungulia mlangoni pa jikoni, kiganja mdomoni. Fabian alipoyaona yale macho akajiona anapaa.

Alipovuka katikati ya gogo, fremu ikagonga gome. Akasukuma. Wapi! Ncha ya ubapa ilikuwa imezama ndani ya mti, haitokezi ng'ambo. Akazima injini, akachomoa futi mfukoni, akapima shina. Inchi ishirini na tisa.

Masikini Fabian! Aliliona kosa lake lote mara moja. Wanunuzi wa miti hupima nchani, kwa sababu bei hufuata wembamba, naye miaka yote hiyo alikuwa akinunua miti ya kupasua. Mkono ulikuwa umekwenda ulikozoea. Na miti saba kati ya hiyo aliyoipima hivyo ilikuwa ya Mama Cresensia.

"Ehee!" Mama akapiga makofi. "Siku zote nakuambia, baba, pima na huku, na wewe unanijibu, 'Mama, mti unapimwa nchani.' Haya, pasua basi na hicho cha nchani!"

Ua wote ukaangua kicheko. Fabian aliona aibu mpaka masikio yakawaka, halafu kicheko kikamshika na yeye, kikamkalisha juu ya gogo.

"Chonga tu mbavu za shina, zipungue," jirani Hilary akamshauri.

"Upana wote," mama akasema, kidole juu.

Fabian akagongea kabari ndani ya mpasuo, akadandia bodaboda. Alipoingia dukani, ubapa wa inchi thelathini na sita ulikuwa tayari juu ya kaunta pamoja na cheni yake.

"Umechelewa," Zulfa akasema. "Nilikutegemea saa tisa."

Jua lilikuwa bado halijazama ubao ulipoachia. Wanaume sita waliunyanyua, mwekundu, wenye madoa ya kung'aa, upana wote, bila kiungo. Angelina akaupapasa mwanzo mpaka mwisho, na Fabian akasahau kufuta vumbi usoni.

Mama Cresensia alizunguka ule ubao mara mbili. Kisha akaonyesha gogo jingine pembeni ya zizi.

"Lile nauza, kwa ajili ya sherehe. Nipimie."

Fabian akachukua futi, akaupita upande mwembamba bila kuutazama, akaenda kupiga magoti shinani.

"Jumapili baada ya misa," mama akasema. "Waje na njaa."

Vigelegele vilivyopigwa pale, hata Karatu nadhani walivisikia.